SOMO LA UFUNDI: Bunduki ya Zamani na Kitako Kipya

Kila mkulima ajua ya kuwa jembe zuri lisilo na mpini wa kufaa humchosha bure mwenye kulima. Chuma chaweza kuwa kikali sana, lakini mpini ukiwa mfupi mgongo huuma, na ukiwa mrefu kupita kiasi nguvu hupotea. Wazee walinena kwamba mchagua jembe si mkulima, na neno hilo ni la kweli kwa mtu mvivu. Walakini hapana mkulima mwenye akili atakayekataa kuuchonga mpini hata uelekee mikono yake.

Somo letu la juma hili lahusu chombo kingine cha chuma na mti, nacho ni bunduki ya marisawa yenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Bunduki za namna hii zilitengenezwa kwa wingi Birmingham na London baina ya miaka ya 1875 na 1914, na nyingine zilifika hata Kenya pamoja na walowezi. Nyingi zingali zikitumika katika Uingereza, kwa ndege na kwa visahani vya udongo vinavyorushwa angani kwa mchezo wa shabaha. Chuma chake chaweza kudumu zaidi ya miaka mia kikitunzwa. Ni mti wake, yaani kitako, unaopasuka, unaooza kwa mafuta, au usiomfaa tena mtu aliyeirithi. Basi tutazame jinsi kitako kipya kinavyotiwa, na hasa jinsi kinavyopimwa kwa mwili wa mwenyewe.

JICHO NDILO ALAMA YA NYUMA

Bunduki ya risasi moja ina alama mbili za kulengea, moja mbele na moja nyuma, na mwenye kupiga huzipatanisha mbili hizo. Bunduki ya marisawa haina alama ya nyuma. Ina kishanga kidogo cha shaba tu penye mdomo wa mitutu. Sasa alama ya nyuma iko wapi? Ni jicho lenyewe la mpigaji. Jicho likiwa juu mno, marisawa yatapita juu. Likiwa chini, yatapita chini. Likiwa upande wa kushoto wa bunduki, yatakwenda kushoto.

Na ni kitu gani kinachoweka jicho mahali pake? Ni shavu lililolala juu ya mti. Kwa hiyo mti ukiwa mbaya kwa nusu ya upana wa kidole, mtu hodari atakosa mchana kutwa, na mara nyingine atamjeruhi ndege asimwue, jambo ambalo ni aibu kwa kila mwindaji mwema.

Tuseme kijana mmoja wa mashambani katika Uingereza amerithi bunduki ya marehemu baba yake. Baba alikuwa mtu mrefu, mwenye shingo ndefu na mikono mirefu, na bunduki ilichongwa kwa kiasi chake. Mwana ni mfupi, mnene wa kifua. Kila apigapo hukosa. Aenda kwa fundi mzee na kumwambia, “Fundi, bunduki hii imechoka.” Fundi aitazama, kisha amtazama kijana kutoka kichwani hata miguuni, na kumjibu, “La, bwana. Bunduki ni nzima. Bado yamngoja baba yako.”

Tutamfuata kijana huyo katika somo letu hata mwisho.

KWANZA CHUMA, KISHA MTI

Kabla ya kutoa fedha kwa ajili ya mti, hapana budi kujua kama chuma chastahili. Kwanza kabisa, fungua bunduki uhakikishe ya kuwa haina risasi. Fanya hivyo kila uishikapo, hata kama umeifungua dakika moja iliyopita.

Pili, tazama chapa zilizo chini ya mitutu. Katika Uingereza bunduki hujaribiwa kwa baruti nyingi kuliko ya kawaida kabla ya kuuzwa, na iliyofaulu hupigwa chapa. Chama cha mafundi wa bunduki wa London kilipata hati ya mfalme mwaka 1637, na nyumba ya majaribio ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Chapa hizo humwambia mjuzi kama mitutu ilijaribiwa kwa baruti nyeusi tu, au kwa baruti ya kisasa isiyotoa moshi mwingi. Mitutu mingi ya zamani iliyosokotwa kwa vipande vya chuma, yenye michoro kama ya mkeka, ilikusudiwa baruti nyeusi. Tena vyumba vya risasi vya bunduki nyingi za zamani vina urefu wa inchi 2 na nusu, na risasi za siku hizi aghalabu ni za inchi 2 na robo tatu. Kuingia si kufaa. Risasi ndefu yaweza kuingia vizuri, kisha ikazidisha nguvu ya mlipuko. Kwa hiyo mjuzi aipime mitutu kwanza.

Tatu, fuata sheria. Katika Uingereza cheti cha bunduki ya marisawa kimedaiwa tangu mwaka 1968, na Kenya vilevile haimruhusu mtu kuweka silaha pasipo cheti. Bunduki isiachwe karakana yoyote ile, bali kwa fundi aliyeruhusiwa.

VIPIMO VINNE

Fundi wa vitako hupima mambo manne makubwa.

1. Urefu. Hupimwa kutoka kifyatulio cha mbele mpaka katikati ya mwisho wa kitako. Kwa mtu wa kimo cha kawaida, bunduki ya Kiingereza huwa na urefu wa inchi 14 na nusu hivi. Watu wengi hudhani kwamba urefu wajulikana kwa kukiweka kitako ndani ya kiwiko na kuona kama kidole chafikia kifyatulio. Kipimo hicho hudanganya, kwa maana hakiangalii shingo, wala kifua, wala bega. Yafaa zaidi kuipandisha bunduki begani kama mtu apigaye kweli, kisha kutazama nafasi iliyopo baina ya pua na kidole gumba cha mkono unaoshika shingo ya kitako. Nafasi ya vidole viwili hivi yatosha. Kitako kirefu mno hukwama nguoni kikipandishwa, na kifupi mno huleta gumba lipige pua.

2. Mteremko. Weka ubao ulionyooka juu ya mitutu, uuvute hata upite juu ya kitako. Pima kutoka ubao hadi ukingo wa juu wa kitako, mahali panapoanza shavu, kisha upime tena penye kisigino cha kitako. Bunduki nyingi za Kiingereza huwa na inchi 1 na nusu mahali pa kwanza, na inchi 2 au 2 na robo penye kisigino. Bunduki nyingine za kale zina mteremko mkubwa zaidi, na aliyezoea za leo akizitumia hupiga chini.

3. Mkengeuko. Ukikitazama kitako kutoka juu, utaona ya kuwa hakikunyooka sawa na mitutu. Kwa mtu apigaye kutoka bega la kulia, kimeelekea kulia kidogo, ili uso usilazimike kuinama na jicho lije juu ya uti wa chuma ulio baina ya mitutu. Kwa mtu wa kushoto, kimeelekea kushoto. Robo inchi penye kisigino ni nyingi, na wengi huhitaji chini ya hapo. Mtu mwenye uso mpana au kifua kinene huhitaji zaidi.

4. Pembe ya mwisho wa kitako. Uso wa nyuma wa kitako ukae begani wote kwa pamoja. Ukigusa kwa ncha ya chini peke yake, utachoma kifua, na teke la bunduki litaumiza.

Kabla ya vyote hivyo fundi huuliza, jicho lipi ndilo kubwa? Nyosha kidole ukielekeze kitu kilicho mbali, macho yote mawili yakiwa wazi. Fumba jicho la kushoto. Kidole kikibaki palepale, jicho lako la kulia ndilo litawalalo. Kikiruka, basi ni la kushoto, nawe sharti umwambie fundi, kwani kitako chema cha bega la kulia hakitaponya tatizo hilo.

HESABU YA YADI 16

Sasa twafika penye kiini cha somo. Fundi ajuaje kwamba mti wakosea kwa kiasi gani? Hana haja ya kubahatisha. Husimamisha karatasi kubwa mbele ya kilima cha udongo, akatia alama katikati, akampeleka mpigaji yadi 16 kutoka hapo. Mpigaji avae miwani ya kulinda macho. Apandishe bunduki upesi, macho yakiwa juu ya alama, apige bila kukawia wala kutazama kishanga. Akikawia, mwili wake utajirekebisha, na kosa la mti litafichika. Hupiga mara tano au sita, na fundi hutazama katikati ya marisawa yote, wala hashughuliki na pigo moja lililopotea.

Kwa nini yadi 16? Yadi 16 ni inchi 576. Kutoka jicho la mpigaji mpaka kishanga, kwa bunduki ya kawaida, ni inchi 36 hivi. Gawanya 576 kwa 36, nawe utapata 16. Maana yake, jicho likisogea kwa 1/16 ya inchi, marisawa yatasogea kwa inchi 1 kamili penye karatasi. Hesabu hii mtoto wa shule aweza kuifanya, na ndiyo iliyowaongoza mafundi wengi.

Turudi kwa kijana wetu. Kitako cha baba yake kina urefu wa inchi 15 na robo. Mteremko ni inchi 1 na robo tatu mwanzoni mwa shavu, na inchi 2 na robo tatu penye kisigino. Mkengeuko ni kidogo sana. Fundi kwanza aupata urefu wa kumfaa, yaani inchi 14 na nusu, kwa bunduki ya majaribio ambayo kitako chake hurefushwa, hufupishwa na kupindwa kwa parafujo. Urefu hutangulia, kwa sababu ukibadilika, shavu nalo hulala mahali pengine. Kisha airekebisha bunduki hiyo ilingane na mteremko na mkengeuko wa baba, na kumpeleka penye karatasi. Marisawa yapiga inchi 4 chini ya alama na inchi 3 kushoto kwake.

Inchi 4 chini ni 4/16, yaani robo inchi. Jicho li chini mno, basi ukingo wa mti uinuliwe kwa robo inchi. Mteremko utakuwa inchi 1 na nusu mwanzoni, na 2 na nusu penye kisigino. Inchi 3 kushoto ni 3/16. Jicho li upande wa kushoto wa uti wa chuma, basi mti ukengeuke kulia zaidi kwa 3/16, pale shavu linapolala. Tazama jinsi kosa lililomtia kijana aibu kwa miezi mingi linavyoenea katika upana wa punje chache za mtama.

KUKUNJA AU KUTIA KIPYA?

Si kila kitako kibaya kitupwe. Mti mzima waweza kukunjwa penye shingo. Fundi huupasha moto kwa mafuta ya kitani au kwa taa ya joto, huukaza polepole katika kifaa cha chuma, na kuuacha upoe humo. Kwa njia hiyo robo inchi hupatikana bila kukata kitu. Wasemavyo wahenga, samaki mkunje angali mbichi. Mti uliokauka miaka mia, wenye ufa au nyuzi zilizopita kando, huenda ukavunjika mikononi mwa fundi.

Kitako cha baba kikatazamwa. Nyuma ya chuma mti ulikuwa mweusi na laini kama kuni iliyolowa. Kwa miaka mingi bunduki iliwekwa imesimama, midomo juu, na mafuta yakashuka kutoka mtambo yakaingia katika mti. Ufa mwembamba ulionekana ukianza nyuma ya ulimi wa chuma. Mti wa namna hii haukunjwi. Kukata urefu wake kungewezekana, lakini usingekuwa na nguvu ya kustahimili teke. Shauri likawa moja, kutia kitako kipya. (Nawe msomaji ukipaka bunduki mafuta, ilaze kwa muda midomo ikielekea chini, mafuta yasiingie katika mti.)

KUUCHAGUA MTI

Mti upendwao kuliko yote ni mjozi, ule uzaao jozi za kuliwa, na magogo mazuri yametoka Uturuki na Ufaransa. Ni mgumu bila kuwa mzito mno, haupasuki upesi, na hukubali patasi. Sharti uwe umekauka kwa miaka, kwani mti mbichi hunywea baada ya kuchongwa, na chuma kikabaki kikicheza ndani yake.

Mnunuzi asiye na ujuzi huvutiwa na michoro mizuri. Fundi hutazama nyuzi za mti penye shingo. Shingo ni mahali pembamba kuliko pote, na ndipo teke lote linapopita. Nyuzi zipite hapo sawasawa kutoka kichwani mpaka mkononi. Michoro iwe nyuma, penye tako, ambako haidhuru. Shingo nayo katika bunduki nyingi za Kiingereza zenye vifyatulio viwili huchongwa moja kwa moja, ili mkono uteleze kidogo kutoka kifyatulio cha kwanza hadi cha pili.

KUUVIKA CHUMA

Parafujo hufunguliwa kwa bisibisi iliyonolewa ilingane na kila mfuo. Zilitengenezwa kwa mkono, moja haiingii mahali pa mwenzake. Basi zichomekwe kwa utaratibu katika ubao wenye matundu, kila moja na alama yake.

Ndipo kazi kubwa huanza. Fundi hupaka chuma masizi ya taa yaliyochanganywa na mafuta kidogo, hukisukuma katika mti, hukitoa, na kutazama. Palipo na doa jeusi pamegusa. Hapo huondoa unyoya mmoja wa mti kwa patasi, akapaka tena, akasukuma tena. Kazi hii hurudiwa mara nyingi kupita hesabu. Mwisho wake mti wagusa chuma kila upande kwa usawa. Si urembo tu. Bunduki inapopigwa, chuma hurudi nyuma kwa nguvu. Kikiegemea upande mmoja, mti hupasuka upande huo. Na ncha ya ule ulimi wa chuma ulio juu ya shingo isisukume mti, kwa maana huwa kama kabari ipasuayo kuni.

Bunduki nyingi za Birmingham zina mtambo uliofichwa ndani ya sanduku la chuma, kwa mpango wa Anson na Deeley wa mwaka 1875. Hizo ni rahisi zaidi kuvikwa. Zile ambazo mtambo wake umebandikwa kwenye mabamba ya ubavuni hudai mti uchimbwe zaidi, na shingo hubaki nyembamba.

Kumbuka pia ya kuwa mteremko na mkengeuko huwekwa hapa, wakati kichwa cha mti kinapovikwa chuma. Pembe ikikosewa kichwani, tako lote litakwenda kombo. Kwa hiyo vipimo huandikwa na kutundikwa ukutani kabla patasi haijainuliwa.

Kwa nje fundi huchonga kwa randa, tupa na msasa, lakini ukingo wa shavu huuacha juu zaidi kwa 1/16 ya inchi. Kisha kijana aenda tena penye karatasi na kitako kikali cheupe, hakijapakwa kitu. Marisawa yapiga inchi 1 juu ya alama. Fundi aondoa ile 1/16 aliyoiweka akiba, na mapigo yaja katikati. Kupunguza mti ni kazi ya dakika chache. Kuurudisha uliokatwa ni kazi ya gundi na masikitiko, na majuto ni mjukuu.

MWISHO WA KAZI

Mti hulowanishwa kidogo ili nyuzi zisimame, hukauka, husuguliwa kwa msasa laini, na jambo hilo hurudiwa hata nyuzi zisiinuke tena. Halafu hupakwa mafuta ya kitani, matone machache tu, yakasuguliwa kwa kiganja mpaka yapate joto. Siku inayofuata hupakwa tena. Majuma hupita. Mwenye haraka hupaka mengi siku moja, naye hupata utando unaonata. Mwisho huchorwa mistari myembamba iliyopishana penye shingo ili mkono usiteleze.

Jambo moja dogo lilibaki. Chini ya kitako cha baba palikuwa na kibamba cha fedha chenye herufi za jina lake. Fundi alikibandua, akakitia katika mti mpya mahali palepale. Kitako cha zamani hakikuchomwa. Kilifungwa kwa kitambaa na kurudishwa pamoja na bunduki, kwa kuwa ni sehemu ya historia yake, na atakayeirithi huko mbele huenda akataka kujua ilikotoka.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kitako kirefu kisichomfaa mtu kisikatwe kabla ya kuutazama mti penye shingo?

2. Bunduki ya mtu apigaye kutoka bega la kulia yapiga inchi 2 juu na inchi 1 kulia, kwa umbali wa yadi 16. Mti urekebishwe namna gani?

3. Kwa nini mpigaji asikawie kulenga penye karatasi ya majaribio?

Majibu: (1) Mti ulioingia mafuta au wenye ufa hautadumu hata ukifupishwa, na kazi itakuwa ya bure. (2) Ukingo ushushwe kwa 1/8 ya inchi, na mkengeuko wa kulia upunguzwe kwa 1/16. (3) Mwili hujirekebisha na kulificha kosa la mti.